Waya Usioonekana Jioni

Ndege aitwaye kwelea kwelea ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula nafaka kama gramu 10. Shida ni kwamba haji peke yake. Kundi kubwa likishukia mtama au ulezi, mkulima wa Bunda au Butiama anaweza kushinda shambani akipiga debe tangu alfajiri, na bado akavuna mabua. Ndipo huitwa ndege ya kunyunyizia dawa, nasi wa usalama wa anga tunaanza kuhesabu sekunde.

Kwelea hupigwa dawa malaloni, kwenye matete au miiba, jua linapozama, kwa kuwa ndipo wote wamerudi. Kwa hiyo saa ya kazi wanaipanga wao, na kwa rubani ni saa mbaya. Jua linamchoma machoni na waya wa umeme umemezwa na rangi ya vichaka. Kinachoonekana ni nguzo tu, kama haikufichwa na mti. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, ndege hukata mita 44 kila sekunde. Waya ukionekana mita 130 mbele, zimebaki sekunde tatu za kuamua na kupanda.

Kupanda huku mkoani Mara nako kuna gharama yake. Ziwa Victoria lenyewe tu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Musoma kwenda Butiama unazidi kupanda. Hewa ni nyepesi, joto huiongezea wepesi, na tangi limejaa dawa, kwa hiyo ndege hupanda polepole.

Halafu kuna kona, ambayo mimi naiogopa kuliko waya. Mwisho wa kila mstari rubani hugeuza. Ndege ambayo ikienda moja kwa moja huanza kuishiwa nguvu ya kuelea kwenye kilomita 100 kwa saa, ikilazwa nyuzi 60 bila kupoteza kimo huishiwa kwenye 141. Juu sana angani, rubani hushusha pua, mwendo ukarudi. Mita 10 kutoka ardhini hana pa kuishushia.

Ndege nyuki, yaani droni, ikinyunyizia badala yake humtoa rubani kwenye hatari hiyo. Dawa yenyewe ni habari nyingine: fenthion, iliyotumika miaka mingi kwa kwelea, huvuruga mishipa ya fahamu, na matone yake madogo hupeperushwa na upepo wa ziwani. Asubuhi yake ukikuta kwelea wametapakaa chini, usiokote kitoweo, hata yule anayepapatika bado.