Je, Wajua? Hatua za Saratani ya Mji wa Mimba

Daktari akisema "hatua ya kwanza" au "hatua ya tatu", mgonjwa na jamaa zake huwaza jambo moja: je, atapona? Yafuatayo yatakusaidia kuielewa namba hiyo.

Je, wajua kuwa saratani nyingi za mji wa mimba huanzia kwenye utando wa ndani, ule unaotoka kila mwezi na hedhi? Ni ugonjwa tofauti na saratani ya shingo ya kizazi. Ukipimwa shingo ya kizazi ukakutwa salama, bado mji wa mimba haujapimwa.

Je, wajua kuwa hatua ziko nne, na kila moja hueleza ugonjwa umefika wapi? Hatua ya 1, umo ndani ya mji wa mimba tu. Ya 2, umeingia kwenye nyama ya shingo ya kizazi. Ya 3, umefika kwenye ovari, mirija, uke au tezi za limfu za jirani. Ya 4, umevamia kibofu au utumbo, au umesafiri hadi viungo vya mbali kama mapafu na ini.

Je, wajua kuwa mfumo huu husimamiwa na FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, lililoanzishwa Geneva mwaka 1954?

Je, wajua kuwa zamani hatua ilikadiriwa kabla ya upasuaji, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa umeenea kuliko ilivyodhaniwa? Tangu 1988 hatua hupangwa baada ya mji wa mimba kutolewa na kuchunguzwa kwa hadubini.

Je, wajua kuwa hata milimita zina uzito? Kwa kanuni za 2009, saratani isiyofika nusu ya unene wa msuli wa mji wa mimba ni hatua ya 1A. Ikifika nusu au kupita ni 1B. Kadiri inavyozama, ndivyo uwezekano wa kufikia tezi za limfu unavyoongezeka.

Je, wajua takwimu za Marekani zinasema nini? Ukiweka kando vifo vya sababu nyingine, saratani ikikutwa haijatoka nje ya mji wa mimba, wanawake wapatao 95 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ikiwa imefika maeneo ya jirani, ni takriban 70. Ikiwa imefika mbali, ni takriban 20. Hesabu hizi hutokana na wanawake waliotibiwa miaka iliyopita. Hazimhukumu mgonjwa wa leo.

Je, wajua kuwa hatua si daraja? Daraja, 1 hadi 3, huonyesha seli zimeharibika kiasi gani. Saratani ndogo yenye daraja la 3 yaweza kuwa kali kuliko kubwa yenye daraja la 1.

Je, wajua kuwa mwaka 2013 watafiti wa jenomu za saratani waligundua makundi manne ya ugonjwa huu? Wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya POLE hupona vizuri sana, hata seli zao zikionekana za kutisha. Wenye hitilafu ya protini ya p53 huhitaji tiba kali zaidi.

Je, wajua kuwa tangu 2023 jeni zaweza kubadili hatua yenyewe? Kwa kanuni mpya za FIGO, saratani ya POLE ambayo haijavuka mji wa mimba na shingo yake hurudishwa hatua ya 1A. Yenye hitilafu ya p53 iliyoingia kwenye msuli, hata kidogo, hupandishwa hadi 2C.

Je, wajua kuwa ugonjwa ukirudi baada ya tiba, hatua ya awali haifutwi? Husemwa tu kwamba umejirudia.

Je, wajua kuwa wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 hutokwa na damu isiyo ya kawaida ukeni? Ndiyo maana wengi hugunduliwa mapema, wakati upasuaji peke yake mara nyingi unatosha. Wengi wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi hawana saratani, lakini kipimo ndicho kitakachosema. Mama, shangazi, bibi: hedhi ikishakoma, hata tone moja la damu ni sababu ya kwenda hospitali wiki hii hii.