Motokaa Iliyoletwa Ndani ya Masanduku

Umepata kusikia mtu amenunua motokaa mpya, ikaletwa nyumbani kwake vipande vipande ndani ya masanduku? Si mzaha. Huko Uingereza jambo hili lina miaka mingi.

Mmoja wa walioleta desturi hiyo ni mhandisi Colin Chapman. Mwaka 1948 alijitengenezea motokaa ya mashindano kutokana na Austin Seven kuukuu, na baadaye akaanzisha kampuni ya Lotus. Mwaka 1957 alitoa motokaa ya watu wawili iitwayo Lotus Seven. Siku zile serikali ilitoza kodi juu ya motokaa iliyokamilika, lakini mtu aliyenunua vipande na kuviunga mwenyewe aliepukana nayo. Kodi ile ilikoma mwaka 1973, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua kazi ya kuitengeneza motokaa hiyo. Hata leo huiuza kwa vipande.

Siri yake ni wepesi. Mifupa yake ni mabomba membamba ya chuma, na ngozi yake ni bati la alumini. Uzito wake ni kilo 500 hivi, hali motokaa nyingi za leo hupita kilo 1,000. Wewe uliyepata kusukuma baiskeli yenye gunia la mahindi wajua maana yake. Ukiliteremsha gunia, miguu ni ile ile, lakini mwendo si ule ule, na kusimama ni rahisi.

Basi, mwenye busara huanzaje? Haanzi na spana, bali huanza na kalamu na daftari.

Kwanza, hupima mahali. Chumba kiwe kikavu, chenye taa nzuri, na mlango upitishe motokaa nzima siku itakapokwisha.

Pili, huhesabu fedha zote. Bei ya masanduku siyo gharama yote. Kuna vyombo vya kazi, winchi ya kunyanyulia injini, mafuta, bima na ada ya ukaguzi.

Tatu, huhesabu saa. Kazi ya jioni baada ya kazi ya mchana huchukua miezi, na saa hizo hutoka kwa mke na watoto. Yafaa nao waulizwe kabla ya fedha kutoka.

Nne, hukumbuka mkaguzi. Kwa sheria ya huko, motokaa iliyoundwa nyumbani haipati namba mpaka ichunguzwe: breki, usukani, taa, mikanda, vioo, hata ncha kali ziwezazo kumkata mtu. Kwa hiyo fundi hutunza stakabadhi na kupiga picha za kazi yake, ili aweze kuonyesha jinsi ilivyofanyika.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Boliti zishikazo magurudumu na usukani zina kipimo chake cha kukazwa, na kuna spana maalumu ya kupimia. Iliyolegea hufunguka, na iliyokazwa kupita kiasi huweza kukatika. Fundi mwema hutia alama ya rangi juu ya kila boliti aliyokwisha kuipima, asije akaidhania. Maana atakayeketi kando yake ni mtoto wake mwenyewe.

Pengine utasema, "Mimi nina jembe tu, motokaa ya masanduku yanihusu nini?" Ndugu yangu, tazama kijijini kwako. Ni kuta ngapi zimesimama bila mabati, nyasi zikiota vyumbani? Wenyewe hawakuwa wavivu. Walihesabu matofali, wakasahau mabati, mbao na misumari.

Kabla hujanunua tofali la kwanza, keti na mkeo, mwandike mpaka msumari wa mwisho. Hesabu ikiwashinda, hamjapoteza kitu ila karatasi moja.