Kadi na Mashine Sharti Zipatane

Mpwa wangu, anayeishi hapa Galu, hujipatia riziki kwa kupiga picha za video katika harusi na mahafali, kutoka Ukunda hadi Msambweni. Picha hizo huzihariri kwa tarakilishi ndogo ya mtumba, mojawapo ya zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kuletwa Mombasa na kuuzwa kwa bei nafuu. Mashine hiyo ilikuwa imechoka. Harusi moja ilimkesha usiku kucha, na wateja walikuwa wameanza kunung'unika. Rafiki zake wakamwambia kuwa dawa ni kadi ya grafiki, yaani kile kibao cha saketi kinachoisaidia tarakilishi kuchora na kuonyesha picha.

Siku ya kuinunua aliniomba nifuatane naye. "Mjomba," aliniambia, "wewe ndiye msomi wetu. Boksi lenyewe limejaa maneno." Tukavuka kivuko cha Likoni, tukaingia dukani, nami nikalisoma boksi lote kwa sauti. Hapakuwa na neno nisilolifahamu. Nilipoona pameandikwa wati 300, nilidhani hiyo ni sifa ya nguvu za kadi. Nikamwambia, "Hii inafaa." Akatoa shilingi 16,000, akiba yake ya miezi mitano.

Kadi ile haikuingia. Kimo chake kiliuzidi upana wa sanduku la mashine. Na hata kama ingeingia, ilidai waya wake wa umeme ambao mashine yetu haikuwa nao. Zile wati 300 hazikuwa sifa bali sharti: mtengenezaji alipendekeza kisanduku cha umeme, kile ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kisichopungua kiasi hicho. Chetu kilikuwa cha wati 240. Tuliporudi dukani tulionyeshwa maandishi yaliyokuwa kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Mpwa wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Msomaji mpendwa, mimi ni mwalimu wa isimu. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi wangu habari za upatanisho wa kisarufi: kwamba tunasema "kitabu kimeanguka" wala hatusemi "kitabu umeanguka", kwa kuwa nomino ndiyo inayotawala na kitenzi hufuata. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo niliisahau nilipofika dukani. Katika jambo hili mashine ndiyo nomino. Kadi, hata iwe nzuri namna gani, haina budi kuifuata. Sisi tuliichagua kadi kwanza, ndipo tukaikumbuka mashine.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi wengi na kusoma mengi. Nimetambua kwamba mnunuzi mwenye fedha haba ana maswali manne ya kujiuliza kabla ya kutoka nyumbani.

La kwanza ni nafasi. Tarakilishi nyingi zilizoundwa katika miaka 15 iliyopita zina tundu refu la aina ya PCI Express, mfumo ulioanza mwaka 2003. Kuwapo kwa tundu hakutoshi. Masanduku membamba ya ofisini huhitaji kadi fupi zenye bamba fupi la nyuma. Fungua sanduku, chukua rula, upime kimo, urefu na unene.

La pili ni umeme. Kwa kanuni za mfumo huo, tundu lenyewe haliwezi kuipa kadi zaidi ya wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hulishwa kwa waya kutoka kwenye kisanduku cha umeme: waya wa pini 6 huongeza wati 75, na ule wa pini 8 huongeza 150. Mashine nyingi za ofisini hazina waya hizo, na baadhi ya watengenezaji huweka kikomo kilicho chini ya hizo wati 75. Kitabu cha maelezo ya mashine ndicho kinachotoa jawabu.

La tatu ni kazi. Kadi nyingi za bei ya chini huuzwa kwa jina, na majina hudanganya. GeForce GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja nyingine yenye jina lilo hilo, lakini kumbukumbu yake hupitisha takriban 17 tu. Katika isimu tungeziita homonimu: umbo moja, maana mbili. Tena kadi hiyo haina saketi ya kubana video, na Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 haina pia. Kwa hiyo mhariri wa harusi anaweza kununua mojawapo, ikaingia barabara, na bado isimpunguzie kazi ileile iliyomkesha.

La nne ni kiwambo. Viwambo vingi vya zamani hutumia waya wa VGA, na kadi za miaka ya karibuni hazina mlango huo. Mnunuzi asiyelikumbuka hili atarudi nyumbani na kadi nzima na kiwambo cheusi.

Nyuma ya maswali hayo manne kuna moja lililo kubwa kuliko yote: je, kadi ndiyo inayopungua? Mara nyingi mashine ya namna hii husumbuliwa na uchache wa kumbukumbu ya RAM na uzito wa diski ya kuzunguka. Isitoshe, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri huo hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Huenda fedha za kadi zikafaa zaidi zikiwekwa akiba ya kununua mashine nyingine.

Sasa ni nani wa kulaumiwa? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, muuzaji angeweza kubandika karatasi ya mistari minne tu ya Kiswahili: kimo, wati, waya, milango. Haingemgharimu chochote.

Hata hivyo, sisi walimu hatuwezi kunawa mikono. Tumebishana miaka na miaka kama chombo hiki kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na viungo vilivyomo ndani yake tukavisahau. Mwanafunzi anaondoka shuleni akijua kuandika barua kwa mashine ambayo hajapata kuiona matumbo yake. Shime, walimu wenzangu! Kila shule ina tarakilishi iliyokufa, imefunikwa vumbi stoo. Itoeni, muifungue mbele ya wanafunzi, mtaje kila kiungo kwa jina na kazi yake.

Mpwa wangu aliiuza kadi ile kwa shilingi 11,000. Kwa fedha hizo tuliongeza kumbukumbu na kuweka diski ya SSD, na mashine ikapata nafuu kubwa. Kadi fupi, yenye saketi ya kubana video na isiyodai waya, ataitafuta akiba ikitimia. Zile 5,000 zilizopotea ni ada ya somo, nami nimemrudishia, kwa kuwa mwanafunzi halisi siku ile nilikuwa mimi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza: anza kwa kuiuliza mashine.