Moyo wa Kupandikiza Hutoka Wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi moyo na mapafu yanavyochoka hadi dawa zinashindwa kufaa. Leo tutazame swali gumu zaidi: kiungo cha kupandikiza hupatikana wapi?

Kwa figo kuna nafuu. Binadamu ana mbili na aweza kuishi na moja. Ndiyo maana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, wanakopelekwa wagonjwa wengi wa Kitale na Bungoma, hupandikiza figo za ndugu walio hai. Moyo ni mmoja tu. Kwa kawaida hutolewa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, huku mashine ikiupumulisha mwili. Christiaan Barnard alipompandikizia mtu moyo wa mwenzake kwa mara ya kwanza duniani, mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, moyo huo ulikuwa wa mwanamke kijana aliyegongwa na gari. Aliyepandikizwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18.

Tena muda ni mfupi. Moyo ukishatolewa huhimili takriban saa 4, mapafu saa 6 hivi, na sharti kundi la damu na ukubwa wa kifua vioane. Basi majeruhi wa bodaboda anayefia njiani kati ya Webuye na Eldoret hawezi kumwachia mtu moyo, hata kama angependa. Bila kitanda cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia na madaktari wa kuthibitisha kifo cha ubongo, hakuna kiungo.

Lipo pia suala la ridhaa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 humruhusu mtu kutoa viungo vyake baada ya kifo kwa wosia, kwa hati yenye mashahidi wawili, au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Asiposema lolote, mzigo huwaangukia jamaa walio katika msiba, nao hutaka kumzika mtu wao mwili wake ukiwa kamili. Heshima hiyo kwa maiti haifai kudharauliwa. Lakini Wabukusu, wakishamzika mzee mwenye hadhi, humsikiliza msemaji wa kumuse akiwafariji na kuwausia walio hai. Wasemaji hao, mapadri, wachungaji na maimamu wangelizungumza jambo hili, lingesikika.

Msomaji, waeleze watu wa nyumbani kwako msimamo wako ungali mzima, uwe wa kukubali au kukataa. Wiki ijayo: dawa zinazouzuia mwili kukikataa kiungo kigeni.