Kipokezi na Pakiti: Kinga ya Mwili Ilivyoingia Kwenye Mtandao wa Kompyuta

Mwaka 1999, Steven Hofmeyr, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha New Mexico nchini Marekani, aliwasilisha tasnifu ambayo mkutubi angeweza kuipeleka kwenye rafu ya tiba bila kulaumiwa. Ilijaa habari za seli nyeupe, tezi ya thaimasi na vipokezi. Kumbe ilikuwa tasnifu ya sayansi ya kompyuta, na mgonjwa aliyechunguzwa ni mtandao.

Kipokezi ni protini inayochomoza kwenye utando wa seli, yenye umbo la kushikana na kitu fulani tu. Waliowahi kupita kliniki za Ukimwi wanakijua kimoja kwa jina: CD4. Kipimo cha CD4 huhesabu seli zenye kipokezi hicho, nacho ndicho virusi vya Ukimwi hukishika ili vipenye ndani ya seli. Lakini seli hizohizo, ziitwazo seli za T, zina kipokezi kingine kinachowatambua wavamizi, na hapo ndipo penye fumbo. Binadamu ana jeni takriban 20,000 tu, ilhali aina za vipokezi vya T mwilini mwake ni mamilioni na mamilioni. Zimetoka wapi?

Susumu Tonegawa, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1987, alilijibu swali hilo kwa upande wa kingamwili, protini za damu zinazowanasa wavamizi: seli hukata vipande vya jeni zake na kuviunga upya kwa kubahatisha. Seli za T hufanya vivyo hivyo. Protini zinazokata zilijulikana baadaye Marekani, katika maabara ya David Baltimore, kupitia kazi za vijana wawili waliokuwa masomoni, David Schatz na Marjorie Oettinger. Jeni ya kwanza, RAG-1, ilitangazwa mwaka 1989, na ya pili, RAG-2, mwaka 1990. Kwa hiyo mwili ni kama fundi wa funguo anayechonga mamilioni ya funguo kabla hajaona kufuli hata moja, akitumaini kwamba mwizi yeyote atakayekuja, mmojawapo utamfaa.

Tatizo la kubahatisha ni kwamba vipokezi vingine hutokea vikiulenga mwili wenyewe. Ndiyo maana seli changa za T huchujwa ndani ya thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo huonyeshwa protini za mwili, na zile zinazozing'ang'ania kupita kiasi huuawa. Nyingine hufa kwa sababu vipokezi vyao havifai kitu. Zaidi ya 95 katika kila 100 hazitoki humo hai. Umuhimu wa tezi hiyo nao uligunduliwa na mwanafunzi: Jacques Miller, aliyekuwa akisomea uzamivu Uingereza na kuchunguza saratani ya damu ya panya, si kinga. Mwaka 1961 aliripoti kwamba panya waliotolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa seli nyeupe, na hata ngozi ya panya wa ukoo mwingine waliyopandikizwa hawakuikataa. Wakati huo wakubwa wa fani walikuwa wakiiona thaimasi kuwa kiungo kisicho na kazi.

Sasa turudi New Mexico. Msimamizi wa Hofmeyr, Stephanie Forrest, alikuwa ameandika mwaka 1994 pamoja na Alan Perelson, mtaalamu wa hesabu za kinga kutoka Los Alamos, pendekezo la kuiga kazi ya thaimasi ndani ya kompyuta. Hofmeyr aliipeleka njia hiyo kwenye mtandao. Kila mawasiliano yanapofunguliwa, aliandika nani anaita, nani anaitwa, na kwa huduma gani, kisha akayafupisha yote kuwa mstari wa biti 49 za sifuri na moja. Kompyuta ikabuni mistari mingine kwa kubahatisha: hivyo ndivyo vipokezi. Kila kipokezi kiliwekwa kwanza kwenye majaribio, kikitazama trafiki ya kawaida. Kilichofanana nayo kilifutwa. Kilichosalimika kilipewa ulinzi, na siku kinapokutana na mstari unaofanana nacho, basi kuna mgeni.

Hakuishia hapo. Katika mwili, seli ya T hairuhusiwi kushambulia kwa ushahidi wake peke yake. Inahitaji ishara ya pili. Hofmeyr aliiweka ishara hiyo mikononi mwa binadamu: msimamizi wa mtandao asipothibitisha tahadhari ndani ya muda uliowekwa, kipokezi kilichoitoa hufa. Vilivyothibitishwa huwekwa kuwa kumbukumbu, kama mwili unavyokumbuka surua. Kwangu, ustadi wa tasnifu ile uko kwenye sehemu hii ya ishara ya pili, ingawa wengi huisifu kwa ile ya thaimasi.

Kwa mtandao mdogo wa idara, mpango ulifanya kazi vizuri. Mtandao mkubwa ni habari nyingine. Jungwon Kim, naye akifanya uzamivu London chini ya Peter Bentley, alijaribu uchujaji ule wa kuiga thaimasi kwa data nzito zaidi, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba kutengeneza vipokezi vya kutosha kungechukua muda usiovumilika. Kuna pia kero ya hesabu za kawaida. Tuseme mtandao una mawasiliano milioni moja kwa siku, na mlinzi hukosea mara moja tu katika kila elfu. Hizo ni kengele elfu moja za uongo kila siku, na hakuna msimamizi atakayezisoma.

Lakini kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye swali lenyewe. Hofmeyr aliuliza: wewe ni nani? Mtandao hupokea wageni halali kila dakika. Siku ya matokeo ya kidato cha nne, umati wa wazazi na watahiniwa huelekea kwenye tovuti ileile kwa pamoja, na wengi hawajawahi kufika hapo. Ukiwahukumu kwa ugeni wao, umewafukuza wenye haki. Na wapo wavamizi wasiopita mlango unaolindwa. Januari 25, 2003, mnyoo wa kompyuta ulioitwa Slammer uliambukiza kompyuta zisizopungua 75,000, nyingi kati ya hizo ndani ya dakika kumi. Ulitumia pakiti moja, yaani kifurushi cha data, ya baiti 404, kwa UDP, njia ya kutuma bila kufungua mawasiliano kwanza. Mfumo wa Hofmeyr ulitazama mawasiliano ya TCP tu, yale yanayofunguliwa kwanza, kwa hiyo usingeuona. Slammer haukufuta faili hata moja. Madhara yake yalikuwa kuziba njia, kiasi kwamba Marekani hata mashine za kutolea fedha zilikwama.

Hapo ndipo ubora wa trafiki unapoingia. Wahandisi huupima kwa mambo machache: pakiti huchelewa kiasi gani njiani, ucheleweshaji huo unayumba vipi, ngapi hupotea, na njia inabeba kiasi gani kwa sekunde. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza sauti ya simu isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana, mnaanza kukatana maneno, kama anavyojua yeyote anayeongea na ndugu yake aliye Muscat kwa intaneti ya kusuasua. Vipimo hivi havimtambui mhalifu, ila vinaonyesha kama kuna anayeumia.

Mwaka 1994, mtaalamu wa kinga Polly Matzinger alitoa hoja inayolingana na hiyo kuhusu mwili. Alisema kinga haijali sana ugeni, inajali hatari: seli zinazopasuka, tishu zinazoumia. La sivyo, mbona mwili wa mama haukifukuzi kijusi, na mbona chakula hakipigwi vita tumboni? Wataalamu wa kinga bado wanabishana naye. Hata hivyo, seli za dendriti, ambazo Ralph Steinman alizieleza mwaka 1973, kweli hufanya kazi ya kukusanya ishara na kuziarifu seli za T. Vipokezi vya seli hizo vya kundi la Toll havibahatishwi. Tunavirithi, binadamu ana aina kumi, na kila aina inajua alama ya jumla ya vijidudu. Kimoja, kwa mfano, hutambua protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao.

Julie Greensmith aliigeuza seli ya dendriti kuwa programu katika tasnifu yake ya uzamivu Nottingham, Uingereza, mwaka 2007. Programu yake ilitazama pakiti ngapi hutumwa kwa sekunde, kasi hiyo inabadilika vipi, na mara ngapi mtandao unajibu kwamba anwani iliyoitwa haifikiki. Kompyuta inayopapasa anwani za wenzake ikitafuta mlango ulio wazi hupata majibu hayo kwa wingi. Swali likawa: kuna nini kinachotokea? Nadhani hili ndilo swali sahihi, ingawa sifa zisipite kiasi. Mwaka 2009 wachambuzi walionyesha kwamba ukiivua programu ile majina ya kibayolojia, hesabu inayobaki ni ya kutenganisha data kwa mistari minyoofu, jambo ambalo takwimu zilishalijua.

Basi kwa mwanafunzi anayetafuta mada: anza na vipimo vya ubora wa trafiki, ndipo uazime kutoka kwenye biolojia kile kinachokusaidia tu. Na kwa wakuu wa TEHAMA vyuoni: tasnifu nyingi za fani hii bado zinajaribiwa kwa data ya KDD ya mwaka 1999, iliyotokana na mtandao wa kuigiza wa jeshi la anga la Marekani. Ficheni anwani za watumiaji, kisha wapeni wanafunzi wenu kumbukumbu za trafiki ya mitandao yenu wenyewe.