Samaki Klauni, Matumbawe na Swali Ambalo Daktari Husahau Kuuliza

Ni vigumu kupita mbele ya tangi lenye samaki klauni bila kusimama. Mwili wake wa rangi ya chungwa umezungukwa na mikanda myeupe. Hujitosa katikati ya matumbawe, akatoka, akarudi tena, mithili ya mtoto achezaye na pazia la mlangoni. Wengi walimfahamu kupitia filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ingawa jamaa zake, kama Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, wanaishi katika miamba ya mwambao wetu wa Afrika Mashariki.

Mimi ni daktari wa ngozi, wala sina ugomvi na samaki huyu. Hata hivyo, maji anamoogelea na matumbawe anamojificha yanaweza kumdhuru mfugaji kwa njia mbili zinazofanana mno na maradhi tuliyoyazoea. Mgonjwa asiposema kwamba anafuga samaki, na mhudumu asipouliza, matibabu huenda upande usio wake.

Maisha ndani ya kioo

Baharini, samaki klauni huishi ndani ya anemone, mnyama laini mwenye minyiri inayochoma. Ute wa ngozi yake humkinga, naye mwenyeji humlinda dhidi ya maadui. Katika kila kundi, jike ndiye mkubwa kuliko wote. Akifa, dume lake hugeuka kuwa jike na kushika nafasi hiyo.

Anemone huhitaji mwanga mkali na maji yasiyobadilikabadilika, hivyo ni vigumu kumtunza katika tangi dogo la nyumbani. Wafugaji wengi hupanda matumbawe badala yake, na mara nyingi samaki klauni huyakubali kuwa makazi. Maji hutunzwa katika joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Kila wiki mkono wa mwenye tangi huingia humo: kusugua kioo, kupanga mawe, kubadilisha maji. Hatari zote mbili humfikia kupitia kazi hizo.

Kidonda kisichopona

Hatari ya kwanza ni bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu. Alielezwa mwaka 1926 na Joseph Aronson, aliyemkuta katika samaki wa baharini waliokufa kwenye tangi la maonyesho huko Philadelphia, Marekani. Hupatikana katika maji ya chumvi na maji baridi pia, na huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo ambao mtu huenda hata asiukumbuke.

Baada ya wiki mbili hadi nne, na wakati mwingine baada ya miezi, kinundu chekundu au cha zambarau hutokea kidoleni au mgongoni mwa kiganja. Huweza kuchimbika na kuwa kidonda. Vinundu vingine hufuata, vimejipanga kama shanga kuelekea juu ya mkono, kwa kufuata mirija ya limfu. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu, maambukizi huweza kufika kwenye kano, viungo na mifupa.

Mhudumu wa afya anakabiliwa na mtego hapa. Dawa nyingi za kawaida za vidonda hazifui dafu, na krimu za steroidi zaweza kuficha au kuzidisha tatizo. Kipande cha ngozi kikipimwa kwa darubini, huenda wakaonekana bakteria wanaofanana na wale wa kifua kikuu, mgonjwa akaanzishiwa dawa zote za ugonjwa huo ilhali isoniazidi na pirazinamidi hazimsaidii. Isitoshe, bakteria huyu hustawi vizuri katika nyuzi 30 hivi. Maabara ikimwotesha katika nyuzi 37 pekee, huenda asiote. Ndiyo maana maabara inapaswa kuambiwa mapema kuhusu tangi la samaki. Akishatambuliwa, hutibika kwa dawa kama klarithromaisini pamoja na ethambutoli au rifampisini, kwa miezi kadhaa, na tiba huendelea mwezi mmoja au miwili baada ya ngozi kupona. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Sumu katika mvuke

Hatari ya pili ni nadra zaidi, lakini huja kwa kasi. Miongoni mwa viumbe wanaopandwa pamoja na matumbawe wamo zoantidi, wanyama wadogo wenye umbo la vifungo vya shati na rangi za kupendeza. Baadhi yao, hasa wa jenasi ya Palythoa, hubeba sumu iitwayo palitoksini, ambayo Richard Moore na Paul Scheuer waliitangaza mwaka 1971 baada ya kuitenga kutoka kwa viumbe wa Hawaii. Sumu hii huvuruga pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo katika utando wa seli, hivyo misuli, moyo na mapafu huathirika.

Mtu hudhurika sumu inapogusa jeraha au jicho, au anapovuta mvuke na matone yake baada ya kuchemsha mawe ya tangi au kuyasugua kwa maji moto. Mwaka 2015, taasisi ya CDC ya Marekani ilichapisha taarifa ya watu wa Alaska walioshukiwa kudhurika hivyo madukani na majumbani kati ya 2012 na 2014. Mwaka 2018, huko Steventon, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya matumbawe kutolewa tangini wakati wa usafi.

Dalili ni homa, kutetemeka, kikohozi, kubanwa kifua, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Katika zahanati zetu, nani asingefikiria malaria kwanza? Kipimo cha malaria kifanyike, lakini watu wa nyumba moja wakiugua ndani ya saa chache, tuulize walikuwa wakifanya nini. Sumu hii haina kiuasumu: mgonjwa huondolewa kwenye hewa ile, hupewa oksijeni na dawa za kutanua njia za hewa inapohitajika, huku moyo, potasiamu na hali ya misuli vikifuatiliwa.

Kwa mfugaji

Vaa glavu ndefu zisizopitisha maji, na miwani ya kujikinga unapogusa zoantidi. Usitie mkono wenye jeraha majini. Usichemshe mawe ya tangi kamwe. Usivute maji kwa kunyonya mpira kwa mdomo, wala usioshe vifaa kwenye sinki la jikoni. Nawa kwa sabuni ukimaliza. Mwenye kinga dhaifu amwachie mwingine kazi hiyo.

Na kwa mhudumu mwenzangu: ukikutana na kidonda cha mkono kisichopona, au homa ya ghafla ya nyumba nzima, uliza, “Je, mnafuga samaki?” Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Swali hili halihitaji mashine wala fedha, nalo laweza kumwepusha mgonjwa na miezi mingi ya dawa zisizomfaa.