Msalaba wa Shaba na Safari ya Majini

Watoto wa Kolwezi waujua mto Lualaba. Mto huu huanza katika nyanda za juu za Katanga, upande wa kusini, nao hushuka kuelekea kaskazini ukipita karibu na mji wao. Huko Nzilo maji yamezuiwa kwa ukuta mkubwa uliojengwa katika miaka ya 1950, na nguvu za maji hayo hutoa umeme. Watoto wa Kolwezi waijua shaba pia. Wazee wa Katanga huiita mukuba. Mawe yake ya kijani, yaitwayo malakiti, wameyaona mara nyingi.

Lakini watoto wengi hawajui kwamba shaba na mto ni marafiki wa zamani sana. Mamia ya miaka kabla ya reli na magari, shaba ya kusini ilisafiri hadi nchi ya maziwa, huko Lualaba unakotulia. Mtu aweza kujifunza habari hiyo kwa njia mbili: kwa kutazama vitu vya kale katika jumba la makumbusho, na kwa kusafiri majini. Afanyaye moja tu amejifunza nusu ya somo. Afanyaye yote mawili amelijua somo zima.

1. Mfano kutoka Uholanzi

Katika nchi ya Uholanzi, huko Ulaya, kuna mji uitwao Amsterdam. Ardhi yake ni ya chini na yenye maji mengi. Kwa hiyo, tangu mwaka 1613, watu wake walichimba mifereji mikubwa kuuzunguka mji, mmoja nje ya mwingine, kama nusu duara. Mashua zilileta mizigo mpaka milangoni mwa nyumba. Juu kabisa, chini ya paa, nyumba nyingi zilikuwa na boriti yenye kulabu. Mizigo ilifungwa kamba ikavutwa juu mpaka ghalani. Boriti hizo zaonekana hata leo.

Wageni wafikao Amsterdam hupenda kufanya mambo mawili kwa siku moja. Kwanza huingia katika jumba la makumbusho liitwalo Rijksmuseum. Humo hutazama picha za wachoraji wa zamani, kama ile picha kubwa ya walinzi wa mji iliyochorwa na Rembrandt mwaka 1642. Huona nyuso za wafanya biashara waliovaa nguo za thamani. Kisha huingia katika mashua yenye paa la kioo na kupita polepole katika mifereji. Hapo huziona nyumba za wafanya biashara wale wale, pamoja na maghala yao.

Ndipo mtu mwenye akili hujiuliza: Je, utajiri huu ulitoka wapi? Ulitoka katika merikebu zilizoleta pilipili, sukari na vitambaa kutoka nchi za mbali. Sehemu yake ilitoka katika biashara ya watumwa, iliyowaumiza watu wengi wa Afrika. Picha peke yake haisemi hayo yote. Maji peke yake hayasemi. Lakini mtu akiziona picha na maji pamoja, huanza kuuliza maswali yafaayo.

2. Jumba la Lubumbashi

Katanga nayo ina jumba lake la makumbusho. Liko katika mji wa Lubumbashi, karibu kilometa 300 kutoka Kolwezi kwa njia ya gari. Lilianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, Mbelgiji aliyependa kukusanya na kuchunguza vitu vya kale. Ndani yake vimewekwa vyombo vya mawe, vyungu, vinyago, viti vya wakubwa, na kazi za wachoraji wa siku hizi.

Lubumbashi ni mji wa wachoraji tangu zamani. Baada ya vita vya pili vya dunia, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua humo karakana ya uchoraji. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwaambia wachore yale waliyokuwa nayo moyoni. Mmoja wao alikuwa Pilipili Mulongoy, mtoto wa mvuvi. Yeye alichora samaki, ndege, mamba na majani ya majini, akazijaza picha zake alama ndogo ndogo zilizopangwa vizuri. Mtu aliyesafiri mtoni huzielewa picha zile upesi kuliko mtu asiyeona ila barabara.

Miongoni mwa vitu vya kale vya Katanga, kimoja chastahili kutazamwa kwa makini. Ni msalaba mdogo wa shaba. Umbo lake ni kama herufi X. Mingine hupita kiganja cha mtu mzima kwa urefu, na mingine haizidi ukucha. Mwanafunzi Mkristo aweza kufikiri kwamba ni msalaba wa Bwana Yesu. Sivyo. Misalaba hii ilifanywa kabla ya wamisionari kufika, nayo haina maana ya dini yetu. Ni shaba iliyoyeyushwa na kutiwa katika kalibu, ili iweze kubebwa, kuhesabiwa na kuuzwa. Watu wa Katanga waliiheshimu hata baadaye. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa katika bendera ya Katanga ya miaka 1960 hadi 1963.

3. Kazi ya mafundi wa shaba

Misalaba hiyo ilifanywaje? Mwaka 1926 mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, Padre Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alifanywa askofu, aliandika habari za mafundi hao. Watu waliwaita walaji wa shaba.

Kazi ilianza wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Watu walihamia karibu na vilima vya shaba na kujenga kambi. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi, na wanaume walichimba mashimo. Wengine walikata miti na kuchoma makaa. Mafundi walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa maana udongo huo hustahimili moto. Walipanga makaa na mawe ya kijani, wakapuliza kwa mivuo ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka na kushuka chini kama maji mekundu. Kisha waliiyeyusha tena ili kuisafisha, wakaimimina katika kalibu.

Mwaka 1892 Mbelgiji Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alipopita Katanga, aliyakuta mashimo ya wazee. Hivyo machimbo makubwa ya baadaye hayakuanza mahali patupu. Mababu walikuwa wamekwisha kuonyesha njia.

4. Makaburi ya Sanga

Mbali kaskazini, Lualaba huingia katika bonde pana lenye maziwa mengi. Mawili kati yake ni Upemba na Kisale. Ukingoni mwa Kisale kuna mahali paitwapo Sanga. Jina hili lisichanganywe na Wasanga wa upande wa Kolwezi. Hapo ni jina la mahali tu.

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walichimba huko Sanga wakakuta makaburi mengi. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo. Makaburi mengi yalikuwa ya miaka ya 900 hadi 1200, na mengine ya baadaye. Marehemu walikuwa wamelazwa pamoja na vyungu vizuri, vyombo vya chuma, na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo. Mtoto mdogo aliwekewa chungu kidogo, na aliyemzidi umri aliwekewa kikubwa zaidi. Wazazi wa zamani zile waliwalilia watoto wao kama wazazi wa leo.

Basi, shaba ilitoka wapi? Karibu na Kisale hakuna shaba. Machimbo yako kusini, zaidi ya kilometa 200. Yaani shaba ililetwa na watu, naye aliyeileta hakuitoa bure. Watu wa maziwa walikuwa na samaki wakavu wengi, chakula ambacho watu wa vilima walikihitaji.

Wataalamu waliona jambo lingine. Katika makaburi ya tangu miaka ya 1300 walikuta misalaba ya shaba. Ile ya kwanza ilikuwa mikubwa na michache, nayo iliwekwa kifuani mwa marehemu. Ile ya baadaye ilikuwa midogo, mingi, na yenye kulingana, nayo iliwekwa karibu na mikono au kiunoni. Wakatambua kwamba hapo kwanza msalaba ulikuwa kitu cha heshima, na baadaye ukawa fedha. Waliyajuaje hayo? Walijua kwa sababu waliandika mahali pa kila kitu kabla ya kukiondoa.

5. Safari kutoka Bukama

Mtu aliyekwisha kuyatazama hayo katika jumba, na atazame sasa maji yenyewe. Karibu na Nzilo mto hupita katika magenge yenye maporomoko, wala chombo hakiwezi kupita. Kwa hiyo shaba ya zamani hapana shaka ilibebwa mabegani kwa siku nyingi. Lakini toka Bukama mto hutulia. Kutoka hapo mpaka Kongolo vyombo vyaweza kwenda karibu kilometa 640. Ndiyo sababu reli ya kutoka Lubumbashi, ambayo katika siku zile uliitwa Élisabethville, ilifikishwa Bukama mwaka 1918: mzigo ulitoka katika gari la moshi ukaingia katika meli. Njia ya mababu na njia ya reli zilikutana penye maji yale yale.

Huko hakuna mashua za kioo kama za Amsterdam. Kuna mitumbwi, na mashua za mbao zenye mashine, zilizojaa magunia, samaki na watu. Msafiri na achague chombo kisichojaa kupita kiasi, na asafiri mchana. Katika Kisale atapita katika vijia vya maji kati ya mafunjo marefu, kama mtu apitaye katika mifereji ya mji. Mafunjo mengine hushikamana na kuelea kama visiwa, na wavuvi hujenga vibanda juu yake. Atawaona wakikausha samaki juani na kwa moshi. Hapo ataelewa kwa nini shaba ilikuja huku: ilifuata samaki na watu.

6. Kitu na mahali pake

Katika habari hii kuna fundisho kubwa kwa watoto wa nchi ya shaba. Msalaba uliopatikana kifuani mwa marehemu ulisema neno moja. Msalaba uliopatikana mkononi mwake ulisema neno lingine. Lakini msalaba uliochimbwa usiku na kuuzwa kwa mgeni hausemi neno. Hakuna ajuaye ulitoka kaburi gani, wala ulikuwa wa nani. Muuzaji hupata fedha kidogo za siku moja, na watu wote hupoteza ukurasa wa historia yao. Ukurasa huo hauwezi kuandikwa tena.

Katika nchi ya Kolwezi ardhi huchimbwa kila siku, kwa mashine na kwa mikono. Mahali pengi pa kazi za mababu pamekwisha kumezwa na mashimo makubwa. Kwa hiyo mtoto akiona kigae cha chungu cha kale, mabaki ya tanuru, au msalaba wa shaba, asikivunje wala asikihamishe. Na aweke alama mahali pale, kisha amwite mwalimu au mkubwa wa mtaa. Sheria ya Kongo ya mwaka 1971 hulinda vitu vya kale. Nayo Kanisa hufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Basi, kufukua wafu ili kuuza mapambo yao ni kinyume cha huruma hiyo.

Si kila mwanafunzi atakayeweza kwenda Lubumbashi, na wachache watafika Kisale. Lakini wengi waweza kuanza nyumbani. Na wamwulize babu alikosikia habari za mukuba. Na watazame mto, wakumbuke kwamba maji yapitayo Nzilo leo yatapita Bukama, yatapita Kisale, na baada ya Kisangani yataitwa mto Kongo mpaka baharini. Mababu walijua maji hayo yaendako, wakaipeleka kazi ya mikono yao mbali.

Maswali

1. Kwa nini nyumba za Amsterdam zilikuwa na boriti yenye kulabu juu?
2. Misalaba ya shaba ya Katanga ilifanywa kwa kazi gani?
3. Wataalamu walijuaje kwamba shaba ya Sanga ilitoka mbali?
4. Kwa nini shaba ilibebwa mabegani kabla ya kufika penye maji matulivu?
5. Mtoto akiona kitu cha kale ardhini, afanye nini? Asifanye nini?